Hapo Sasa: Kukisoma Tena Kitabu cha Herrigel

Kitabu chenyewe ni chembamba. Ukikiweka rafuni kati ya vitabu viwili vya kawaida, utakitafuta. Nilikinunua mwaka 1987 kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu aliyekuwa akitandaza bidhaa yake kando ya barabara mjini Mombasa, nami nilivutwa na picha ya upinde iliyokuwa juu ya jalada. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Zen katika Sanaa ya Upinde. Mwandishi ni Mjerumani, Eugen Herrigel, mwalimu wa falsafa. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1948, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1953, na tangu hapo kimesomwa na watu wengi mno ambao hawajapata kushika upinde maishani mwao. Mimi nilikuwa nimeshika. Jambo hilo lilinifanya nijione msomaji bora kuliko wengine, na kosa ninalotaka kulisimulia hapa lilianzia katika kiburi hicho.

Habari iliyomo ni rahisi kuieleza. Herrigel alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, akakaa huko hadi mwaka 1929. Alitaka kuijua Zen, ile njia ya Kibudha ya kutafuta utulivu wa nafsi, akaambiwa kwamba mgeni hataifikia moja kwa moja, na kwamba afadhali apitie mlango wa pembeni, yaani ajifunze sanaa mojawapo ya Kijapani. Mkewe akachagua kupanga maua. Yeye akachagua upinde, kwa kuwa alikuwa amezoea bunduki na bastola na akadhani kwamba ujuzi huo utamsaidia. Mwenzake mmoja wa chuoni, Komachiya Sozo, mwalimu wa sheria, akamwombea nafasi kwa mwalimu wa upinde aliyeitwa Awa Kenzo, akawa pia mkalimani wake.

Yaliyofuata ni hadithi ya mtu mzima, msomi, anayeshindwa. Upinde wa Kijapani una urefu wa zaidi ya mita mbili, na mshiko wake hauko katikati bali chini. Huinuliwa juu ya kichwa, ukavutwa huku ukishushwa, na ugwe huvutwa kwa kidole gumba kilichofunikwa glavu ya ngozi ngumu. Herrigel anauvuta, mikono inatetemeka. Anaambiwa tatizo ni pumzi. Anajifunza kupumua, sasa anashindwa kuachia: kila akifungua kidole, mshale unastuka. Anaambiwa aachie kama mtoto anavyoachia kidole cha mtu mzima, pasipo kukusudia. Anapewa mfano wa theluji inayolemea jani la mwanzi mpaka ikaporomoka yenyewe. Miezi inapita, na bado. Siku moja, akiwa likizoni, anavumbua hila ya kulegeza kidole gumba polepole mpaka ugwe uponyoke, akarudi nayo kwa mwalimu akiwa na furaha. Awa anamtazama mara ya kwanza, mara ya pili, kisha anaupokea upinde, anaketi na kumgeuzia mgongo. Masomo yakakatika, hata Komachiya akaingilia kati kumwombea msamaha.

Hatimaye, siku isiyotarajiwa, Herrigel anaachia mshale na mwalimu anainama kwa heshima. Anasema kwamba aliyefyatua safari hii si Herrigel, bali ni "Hicho", kwa herufi kubwa, kitu kisicho na jina. Na baadaye, mwanafunzi anapouliza utapigaje shabaha bila kulenga, na kudokeza kwamba basi mwalimu angeweza kupiga hata akiwa amefumbwa macho, Awa anamwita usiku. Shabaha imewekwa gizani, mbele yake umechomekwa ubani mwembamba wenye ncha ya moto isiyoangaza kitu. Mshale wa kwanza unapiga katikati. Wa pili unakwenda kuupasua wa kwanza kutoka nyuma.

Niliyasoma hayo kwa usiku mmoja, taa ya chemni ikiwa kichwani mwangu, na nilipofika kwenye ile mishale miwili nikasimama nikatoka nje kupunga hewa.

Nieleze kwa nini. Babu, mzaa mama, alikuwa na shamba bara ya Kilifi, upande wa Ganze, na likizo zote za utoto wangu nilizimalizia kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha upinde, kwa haja ya kufukuza nyani na tumbili waliokuwa wakila mahindi, kwa mishale butu ya mti mtupu isiyo na chembe. Nilijua kupiga bila kutazama juu ya mshale, bila kupima, bila kufumba jicho. Nilijua, lakini sikuweza kusema nilivyojua. Watu wakiniuliza nalengaje, nilikuwa nikitikisa mabega. Sasa hapa palikuwa na mwanafalsafa wa Ulaya aliyenipa maneno, tena maneno makubwa: ati ninachokifanya si ujuzi wa mkono hata kidogo, ni siri, na anayepiga si mimi. Ni nani asingependa kuambiwa hivyo?

Mwaka 1991 dada yangu alimleta mwanawe kukaa nami shambani mwezi mmoja wa Agosti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa miguu, mwenye maswali. Babu alikwisha kufariki, na upinde wake ulikuwa kwangu. Kijana akauona, akautaka. Nikaona fursa imefika ya mimi kuwa mwalimu.

"Mjomba, niangalie wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Usiangalie popote. Tulia. Mshale utajiendea wenyewe."

Akavuta, akaachia, mshale ukapotelea nyasini. Akaufuata, akarudi, akasimama akifikiri.

"Lakini Mjomba, ukijiendea wenyewe, mimi nitajuaje kwamba nimekosea?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri, nikafanya kama yule mwalimu wa kitabuni: nikanyamaza, nikamgeuzia mgongo, nikaenda kukaa chini ya mwembe. Nilijiona nina busara kubwa. Kijana akaendelea peke yake siku mbili. Ugwe ulikuwa ukimchapa upande wa ndani wa mkono wa kushoto mpaka ukavimba na kubadilika rangi, naye akaficha kwa shati la mikono mirefu ili nisidhani analalamika. Kila aliyefundishwa upinde anajua dawa ya jambo hilo: zungusha kiwiko kidogo nje, ugwe upate njia. Ni neno moja. Mimi sikulisema kwa sababu sikuwa natazama kiwiko, nilikuwa nangoja siri ishuke. Siku ya nne alikuwa akiachia ugwe kabla haujafika nusu, kwa woga wa kuchapwa. Siku ya tano aliniletea upinde, akanikabidhi kwa mikono miwili kwa adabu, akasema, "Mjomba, nadhani mimi sina kipaji."

Hakuugusa tena mwezi ule. Nami, nisifiche, nilimkubalia moyoni. Nilidhani kweli hana.

Niliishi na kitabu kile miaka kumi na zaidi baada ya hapo, nikikisifu kwa watu. Kilichonizindua ni kazi ya msomi wa Kijapani, Yamada Shoji, ambaye mwaka 2001 alichapisha makala ndefu, baadaye akaikuza ikawa kitabu, akikichunguza kisa cha Herrigel kwa subira ya karani wa mahakama. Yamada mwenyewe ni mpiga upinde. Anaonyesha kwamba Awa hakuwa mtu wa Zen. Alikuwa na mafundisho yake binafsi aliyoyaanzisha, ambayo wapiga upinde wengi wa Japani wa wakati ule waliyaona ya ajabu. Anaonyesha kwamba usiku ule wa mishale miwili Komachiya hakuwapo, kwa hiyo maneno yote mazito ambayo Herrigel anasema aliambiwa gizani aliyasikia bila mkalimani, katika lugha asiyoijua vizuri. Anaonyesha pia kwamba Awa alipoulizwa na mwanafunzi wake mwingine juu ya ule mshale wa pili, alijibu kwamba ilikuwa bahati nasibu tu, wala hakukusudia kuonyesha jambo kama lile. Mpiga upinde mzoefu hafurahii kupasua mshale wake, ni hasara.

Lakini lililonipiga zaidi ni juu ya lile neno "Hicho". Yamada hakupata ushahidi kwamba Awa aliwahi kumfundisha mwanafunzi mwingine yeyote kwamba kuna "Hicho" kinachofyatua. Dhana yake ni kwamba mshale ulipotoka vizuri, Awa alisema maneno ya kawaida ambayo mwalimu yeyote wa Kijapani angeyasema, "sore deshita", yaani "ilikuwa hiyo". Mjerumani akasikia jina la kitu. Mwalimu alikuwa amesema tu: hivyo ndivyo.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Kwa maana Babu alikuwa na neno lilelile. Nilipokosea hakusema kitu, isipokuwa "Lete mishale." Nilipopatia alisema, "Hapo sasa!" Fundi cherehani humwambia hivyo mwanagenzi, utingo huambiwa hivyo na dereva anapojifunza kurudisha gari nyuma, na mama humwambia hivyo binti anayesonga ugali. Hakuna anayeuliza "hapo" ni nani, wala anaishi wapi.

Laiti ningejaribu tangu mwanzo kukifasiri kitabu kile kwa lugha yangu, ningeona ufa mapema. Mjerumani ana neno dogo, "es", ambalo hulitumia hata mvua inaponyesha, pasipo kusema ni nini kinachonyesha. Sisi husema mvua inanyesha. Kiswahili hakikubali kitenzi kitembee bila kujulikana ni cha ngeli gani. Sema "kimefyatua", msikilizaji atauliza kipi. Sema "imefyatua", atauliza ipi. Sema "umefyatua", hapo una mashaka matatu, maana huenda ni upinde, huenda ni moyo, na huenda ni wewe mwenyewe unayeambiwa. Sisemi kwamba lugha yetu haina nafasi ya mambo ya siri. Mashairi yetu ya kidini yamejaa siri. Ninachosema ni kwamba sarufi yake ingemlazimisha Herrigel amuulize mwalimu swali moja la nyongeza, na swali hilo moja lingemrudisha kwenye kidole gumba na kiwiko.

Je, kitabu hakifai basi? La hasha. Mchango wake uko mahali ambapo wasomaji hupita haraka. Kabla ya kuruhusiwa kusimama mbele ya shabaha, Herrigel alikuwa akipiga robota la majani makavu lililowekwa karibu naye, kiasi cha mita mbili. Hakuna alama ya kulenga. Hakuna namna ya kukosa. Hakuna pia namna ya kujidanganya, maana kinachobaki ni umbo la kitendo chenyewe: kusimama, kupumua, kuvuta, kutulia, kuachia. Hilo si fumbo. Ni mbinu, tena mbinu nzuri sana. Wapiga upinde wa Ulaya na Marekani wanaijua, na huitumia kutibu maradhi yanayowapata hata mabingwa: mtu akiona shabaha tu, mkono unaachia kabla ya wakati, au unakataa kabisa kuachia. Dawa ni kumwondolea shabaha. Anarudishwa mbele ya robota tupu, karibu kabisa, wiki kadhaa, mpaka mkono usahau woga.

Mpwa wangu alikuwa na chanzo cha maradhi hayo siku ya nne. Dawa ilikuwa imeandikwa katika kitabu nilichokilaza chini ya mto, nami sikuiona kwa sababu nilikuwa nikitazama ile mishale miwili ya gizani.

Sasa ngoja nijaribu kusema lile nililokuwa nikishindwa kulisema, yaani kulenga kwa hisia ni nini hasa.

Kwanza, ni kweli kwamba jicho likitaka kuutumia mshale kama mtutu wa bunduki, litadanganyika. Mshale uko chini ya jicho. Ukiwa karibu na shabaha, ncha yake huonekana inaelekea chini mno, na ukiwa mbali sana huonekana imepanda juu. Zaidi ya hayo, katika upinde wa kienyeji usio na mkato wa kupitishia mshale, mshale hulala ubavuni mwa mti, umeelekezwa pembeni kidogo. Ugwe ukiachiwa, mshale hupinda, hujizungusha kwenye mshiko kama nyoka anayepita jiwe, kisha hujinyoosha hewani. Picha za kamera za kasi zimeonyesha jambo hilo wazi. Kwa hiyo mshale mgumu mno huenda upande mmoja, na mlegevu mno huenda upande mwingine, hata kama mpigaji hakukosea. Babu hakuwa na kamera, lakini alikuwa akiukunja kila mshale kwa vidole kabla ya kuutia podoni, na ile isiyolingana na mingine aliitupa jikoni.

Pili, kwa kuwa jicho haliwezi kupima kwa mshale, mwili wote ndio unaopima. Na mwili haupimi kitu kinachobadilika kila mara. Ndiyo maana Babu alikuwa mkali kwa jambo moja: kidole cha kuvutia kirudi mahali palepale kila safari, pembeni mwa mdomo, kiguse. Akinikuta nimeishia shavuni, alinishika mkono akausogeza. Hakueleza. Alikuwa akisukuma kiwiko changu, akibonyeza bega lishuke, akinigonga kisigino kwa bakora nisimame vizuri. Leo nikivuta upinde nasikia bado vidole vyake begani.

Tatu ni jicho, na hapa ndipo nilipomkosea mpwa wangu zaidi, kwa kumwambia asiangalie popote. Babu alikuwa akisimamisha gunzi la hindi kwenye kichuguu, gunzi lililobakiwa na punje chache, umbali wa hatua tano.

"Unapiga gunzi au unapiga punje?"

"Gunzi, Babu."

"Ndiyo maana unakosa vyote viwili."

Basi nikajifunza kuchagua punje moja, ile ya kushoto yenye weupe, na kuitazama mpaka gunzi lenyewe lipotee. Watafiti wa michezo, akiwamo Joan Vickers wa Kanada, wamepima macho ya wachezaji na kuona kwamba mahiri hukaza macho mahali pamoja muda mrefu kidogo kuliko wanaojifunza, kabla tu ya kutenda. Babu angewaambia wamechelewa. Nikizoea hatua tano, tulirudi nyuma hatua mbili. Nikikosa mara tatu, tulisogea mbele tena. Ilichukua likizo tatu kufika hatua ishirini. Wala asidhani msomaji kwamba Babu alikuwa mtu asiyeamini siri. Alikuwa nazo nyingi, hasa za kupika sumu ya mti wa mchungu, na hizo alikufa nazo. Ila upinde haukuwa mojawapo.

Ukiniuliza ni kitabu gani kinafanana na Babu, sitataja cha Herrigel. Nitataja cha Roger Ascham, Mwingereza, aliyeandika Toxophilus mwaka 1545 na kumtunukia Mfalme Henry wa Nane, yeye ambaye baadaye alimfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia. Ni kitabu chenye maneno mengi, na nusu ya kwanza, ambamo anautetea upinde kwa mifano ya Wayunani na Warumi, inachosha. Nimeiruka mara mbili bila majuto. Lakini anapoanza kufundisha, anafundisha. Anakigawa kitendo katika mambo matano: kusimama, kupachika, kuvuta, kushikilia, kuachia. Anataja makosa ya watu kwa kejeli tamu: huyu anauma mdomo, yule anakunja uso, mwingine anaruka baada ya kuachia kana kwamba atausukuma mshale. Anasisitiza jicho likae kwenye alama. Na kuna mahali anasimulia kwamba aliwahi kusafiri kwa farasi wakati wa theluji, akauona upepo kwa macho yake, maana ulikuwa ukipeperusha unga wa theluji juu ya ardhi, hapa ukienda kasi, pale ukisimama, kule ukizunguka. Akaelewa kwa nini mshale uliotoka vizuri huweza kukosa. Ascham naye anajua kwamba kuna jambo lisilotawalika. Tofauti ni kwamba yeye analitazama, analieleza, halafu anakuambia ufanyeje.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini kuna jambo moja zaidi ambalo haki inanidai nilitaje. Herrigel, baada ya kurudi Ujerumani, aliingia katika chama cha Hitler mwaka 1937, na kuelekea mwisho wa vita alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Erlangen. Kitabu chake hakina neno juu ya hayo, ijapokuwa kilitoka miaka mitatu tu baada ya vita. Sidai kwamba upinde ndio uliompeleka huko. Wengi walikwenda bila upinde. Wala sisemi kila msomaji wake ana doa. Nasema tu kwamba nikikisoma leo, mafundisho yale ya kwamba anayefyatua si wewe yananistua kwa namna ambayo hayakunistua mwaka 1987. Ikiwa mpigaji si mimi, mshale ukimpata mtu ataulizwa nani? Mpwa wangu alipovimba mkono, mimi nilikuwa chini ya mwembe nimestarehe, kwa sababu katika mafundisho niliyokuwa nikiyafuata hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Hata hivyo siwezi kumtendea Herrigel kana kwamba hana sifa. Kurasa zinazohusu ile hila ya kidole gumba ni kurasa za mtu mkweli. Angeweza kuzificha. Anakiri kwamba alidanganya, anakiri kwamba hata baada ya kufukuzwa aliona bado hila yake ilikuwa na akili, na hamfanyi mwalimu wake kuwa mpole kuliko alivyokuwa. Mtu aliyejifunza kazi yoyote ya mikono atajiona mle ndani. Nadhani pia kwamba Awa alikuwa na haki ya kumgeuzia mgongo, kwa sababu alikuwa amemtazama kwa makini miaka kadhaa kwanza. Mimi nilimgeuzia mtoto mgongo siku ya kwanza.

Komachiya alisema baadaye kwamba mara nyingine, mwalimu aliposema maneno ya kifumbo au yenye kupingana na ya jana, yeye mkalimani aliyaacha bila kuyafasiri. Nimemfikiria sana mtu huyo. Katika kitabu yuko pembeni tu, anapita na kutoka, lakini bila yeye hakuna kitabu. Labda Herrigel alijifunza upinde kwa yale aliyofasiriwa, akaandika kitabu kwa yale aliyoyasikia peke yake.

Mwishoni Awa anamzawadia mwanafunzi wake upinde mzuri, na kumwagiza asiuweke kuwa kumbukumbu. Ukishamaliza kazi yake auchome, libaki jivu. Wa Babu sikuuchoma. Umening'inia ukutani miaka yote hii. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, anaendesha lori kati ya Mombasa na Kampala, na ana binti wa miaka kumi na miwili. Walikuja Pasaka kunijulia hali. Baada ya chakula nikamwambia mbele ya mwanawe kwamba lile la mwaka 1991 lilikuwa kosa langu, na nikamweleza habari ya kiwiko. Alicheka.

"Mjomba, mambo ya zamani hayo."

Lakini nilimwona akiunyoosha mkono wa kushoto chini ya meza, akiuzungusha taratibu, nje, ndani, nje. Binti ndiye aliyeuteremsha upinde. Mti bado mzima, ila ugwe umeoza, ulikatika alipouvuta kidogo tu. Nimemwomba mzee mmoja wa Ganze anisokotee upote mwingine wa kano za ng'ombe, kama ule wa Babu, naye ameniambia ningoje wachinje. Wakati huohuo nimeanza kukusanya majani makavu ya kufunga robota.